Utani Nilioufuta Mwenyewe

Nimestaafu mwezi uliopita. Siku niliporudisha kadi ya mlango, Hussein, kiongozi wa kikundi chetu, aliniomba niwaandikie nyie mnaoanza kurasa chache kuhusu kazi yetu ya kusoma yanayoandikwa na watu mtandaoni na kuamua yapi yabaki na yapi yaondoke. Nadhani alitaka kitu cha kuwatia moyo. Kutia moyo si fani yangu. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa moja nililolifanya nikiwa na akili zangu timamu. Vyeo na mshahara sivigusi, havikuwa na la kusimulia.

Dar es Salaam nilikuwa mpiga taipu wa gazeti. Brussels nilimfuata mume, mume akapotelea Ujerumani, mimi nikabaki na ndoo na ufagio katika ofisi za Porte de Namur. Karibu na hapo palikuwa na duka la simu la Papa Déo, Mkongo wa Bukavu aliyewahi kuwa mwalimu. Alikuwa na vibanda vitano vya kupigia simu nyumbani na kompyuta sita zilizochoka, na kwenye kompyuta hizo aliendesha jukwaa la Waswahili wa mji huu: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wakenya, na sisi wa Tanzania. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kabla simu za mkononi hazijaanza kuingia mtandaoni. Mtu alikuja na hoja yake kichwani, akaketi, akaiandika kwa kidole kimoja, akaondoka ametulia.

Mimi nilikuwa naenda kumpigia mama Tabora. Siku moja nikingoja kibanda nikasoma jukwaa lile, nikamwambia Papa Déo kwamba limejaa matusi, na kwamba nusu ya matusi yenyewe yameandikwa vibaya. Akavua miwani. "Bon, maman," akasema, "kama unaona bintu byote hivi, kaa hapa usome kila siku. Mimi macho inachoka." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza alinipa kigoda, daftari lenye jalada gumu na simu ya mezani. Sikuelewa simu ya nini. Saa moja baadaye nikakuta mtu amemwita padri fulani mwizi, nikanyoosha kidole nifute. Papa Déo akanishika mkono.

"Unamutosha muntu bila kumuambia juu ya nini? Non, maman. Mupigie kwanza. Umuambie: papa, hii haiko muzuri, donc tunaitosha. Akikatala, mubishane. Kisha njo unatosha."

Nikaelewa kwamba kutosha kwao ni kutoa, nikapiga. Yule bwana alinifokea dakika kama ishirini, akapumzika, halafu akasema niyatoe maneno yake lakini niache alama kwamba aliyasema. Tukaacha mstari: hapa palikuwa na maneno ya fulani, yametolewa kwa sababu hii. Tangu siku hiyo kila kilichofutwa kiliacha mstari wa namna hiyo, na kiliingia daftarini pamoja na jina langu mimi niliyekifuta.

Msidhani palikuwa peponi. Kila Jumamosi waliofutiwa walikuja dukani wenyewe. Wakenya waligomba kwa Kiingereza, Wakongo kwa Kifaransa, na sisi Watanzania tulitukana kwa heshima, tukianza na shikamoo. Bwana mmoja wa Goma alikuja na mkewe ili amsaidie kubisha. Siku moja nilimfuta mama aliyekuwa anasema kweli tupu kuhusu chama chao cha akina mama, nikalazimika kumwomba radhi mbele ya watu waliokuwa wakingoja simu, na maneno yake yakarudishwa. Nilifedheheka sana, ila yaliisha siku hiyo hiyo.

Kisha ukaja mtandao ule mkubwa. Jina silitaji, mnalijua kuliko mnavyolijua jina la diwani wenu. Watu hawakugombana na sisi, walihama tu mmoja mmoja, kwa sababu ndugu zao walikuwa kule, na ndugu zao walikuwa kule kwa sababu hiyo hiyo. Papa Déo aliangalia jukwaa lake likinyamaza wiki kwa wiki. "Kule ni bure, kule ni muzuri, d'accord," aliniambia. "Lakini muntu akifutwa kule, atagonga mulango wa nani?" Nikamwambia anaona wivu. Kweli alikuwa anaona wivu, na kweli alikuwa anasema jambo la maana, ila mimi nilisikia wivu peke yake. Akafunga duka, akahamia kwa binti yake, nami nikarudi kwenye ndoo.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi nikaona tangazo: wanatafutwa wasomaji wa Kiswahili. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, dakika tano kwa miguu kutoka metro ya Porte de Namur, katika barabara ile ile ya ofisi nilizokuwa nikisafisha. Haikuwa ofisi ya mtandao wenyewe. Ilikuwa kampuni iliyopewa kazi na kampuni iliyopewa kazi na mtandao, na hadi leo sijui sisi tulikuwa tabaka la ngapi.

Siku ya kwanza nilitia saini karatasi kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata wa nyumbani, ninachokisoma wala ninayemsomea. Simu inaingia kabatini kabla ya kuvuka mlango. Kalamu hairuhusiwi, karatasi hairuhusiwi. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na kwa wiki nzima mkono wangu wa kulia ulikuwa ukipapasa pembeni ya kibodi kutafuta daftari. Hussein, Mrundi wa Bujumbura, mpole, mtu wa swala tano, alinionyesha kiti na foleni. Foleni ndiyo mnayoijua: maneno ya mtu yanatokea kwenye skrini bila jina la aliyeandika wala la aliyeandikiwa, saa inahesabu pembeni, na vitufe ni vitatu, Acha, Futa, na Peleka Juu. Ukifuta, maneno yanatoweka pasipo mstari wowote, na mwandishi anapata ujumbe wa mashine kwamba amevunja kanuni. Kanuni ipi, haambiwi.

Mwongozo wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, ukafasiriwa kwa Kifaransa, ili sisi tuhukumu Kiswahili. Ulibadilika karibu kila wiki. Kulikuwa na mkaguzi katika mji mwingine aliyechukua baadhi ya maamuzi yetu na kuyapima upya, naye alisoma Kiswahili kwa msaada wa mashine ya kufasiri. Kuhusu Peleka Juu, jitahidini kuitumia, ila mjue kwamba huko juu hakuna Mswahili. Swali lako linapanda, linakaa, linashuka na jibu la kwenye mwongozo, ukurasa ule ule uliokufanya uulize.

Ushauri wa vitendo nilioupata kwa kuumia: anzeni na maneno kabla ya picha. Zimeni sauti ya video kwanza. Chai inyweni mbali na meza. Na asije mtu akawaambia kwamba kazi hii ni ya kuziba watu midomo tu. Nimefuta watu waliokuwa wanawaita wenzao wachukue mapanga Kivu, nimefuta orodha za nyumba za kuchomwa, na leo nikiketishwa pale nitazifuta tena kwa mikono miwili. Tatizo langu halikuwa hao.

Tatizo langu lilikuwa utani. Kwa nyie mlioletwa hapa wachanga, nieleze. Kwetu Tanzania kuna makabila yaliyo watani. Mimi ni Mnyamwezi, na Mzaramo ni mtani wangu. Tukikutana namsema, ananisema, na hakuna anayenuna. Kwenye msiba ndipo inakuwa kazi hasa: Mzaramo akifa, Mnyamwezi anakwenda kumtukana marehemu, anadai mjane ni wake sasa, analala mlangoni mpaka apewe kitu. Wafiwa wanacheka katikati ya kilio, na kicheko hicho ndicho pole yenyewe. Mtani asipotokea, watu wanauliza kuna nini kati ya nyumba hizo mbili.

Sasa uyaweke maneno hayo kwenye foleni bila jina, bila msiba, bila sura ya anayesema. Mwongozo uliyaona kuwa ni dharau kwa marehemu na chuki kwa kabila. Mara ya kwanza nikabonyeza Acha, mkaguzi akanipa kosa. Mara ya pili nikabonyeza Acha tena na kuandika maelezo marefu kwenye kisanduku, akanipa kosa la pili. Hussein akaniita pembeni ya mashine ya kahawa.

"Maman Tatu, mimi ninaelewa," akasema. "Hata kwetu watu wanataniana. Mais bon, auditeur haelewi. Una fautes mbili. Ukipata ya tatu, hawataniuliza mimi, wanakutoa tu. Na wewe umebakiza mwaka na kidogo ustaafu."

"Kwa hiyo nifute?"

"Sijasema ufute. Nimesema hesabu fautes zako."

Ya tatu ikaja asubuhi moja ya Jumanne. Ilianza hivi: *Afadhali umekufa, Mzaramo wewe, tumechoka kukubeba.* Ikaendelea kwamba marehemu alikuwa mvivu hata wa kupumua na sasa amepata kisingizio, kwamba kaburi lisichimbwe refu kwa sababu hata akiwa hai alikuwa haamki, na kwamba mjane asipewe mtu, mwandishi anakuja kumchukua mwenyewe akishapata mguu. Nilicheka kwa sauti, jirani yangu wa meza akageuka. Nilijua ni utani kama ninavyolijua jina langu. Nikabonyeza Futa. Mashine ikaniambia kwamba mwandishi amefungiwa kuandika kwa siku thelathini, ikaniletea mengine.

Jioni nilipofungua kabati na kuwasha simu nikakuta ujumbe: Mzee Shomari wa Berchem-Sainte-Agathe amefariki. Mzee Shomari alikuwa Mzaramo, dereva mstaafu wa ubalozi, mtu wa maneno mengi, aliyezoea kupeleka mwenyewe baibui za mkewe kwa fundi. Nilisikitika, nikapanga kwenda Jumamosi. Wazo la maneno ya asubuhi lilinipitia, nalo nikalifukuza. Wazaramo ni wengi na wanakufa kila mahali, nilijiambia.

Jumamosi nilipanda tramu hadi Berchem. Marehemu alikuwa ameshazikwa. Sebule ya ghorofa ya sita ilikuwa imetandikwa mikeka, akina mama wameketi, na mjane, Bi Zaituni, yuko pembeni ya ukuta na kanga yake nyeupe.

"Shikamoo, dada. Pole sana."

"Marahaba, Tatu. Nimeshapoa." Akanivuta nikae. Akangoja wengine waanze kuongea, ndipo akaniinamia. "Maganga umemsikia wewe?"

Maganga ni Mnyamwezi mwenzangu. Alikuja Ubelgiji pamoja na Shomari, wote madereva wa ubalozi, wakala sahani moja kwa miaka zaidi ya thelathini, wakitukanana kila walipokutana hadi watoto wa Shomari wakadhani matusi ndiyo salamu yenyewe.

"Sijamsikia," nikasema.

"Basi na mimi sijamsikia. Watu wameniandikia kwenye ukurasa wa msiba, hata nisiowajua, hata yule Mturuki wa duka la chini. Maganga kimya. Mwenzake amelala mavumbini, Tatu, hana hata neno moja la kunitukana?"

"Labda anaumwa, dada."

"Anaumwa nyonga, haumwi vidole. Ameanguka mwezi uliopita, yuko hospitali huko Liège wanamfundisha kutembea. Binti yangu anamwona yumo humo mtandaoni, ile taa yake ya kijani inawaka. Anasoma, na hasemi."

Chai ilinipalia. Akishapata mguu. Zaituni akanipiga mgongoni akidhani ni tangawizi.

"Kwa nini usimpigie?" nikauliza nilipopata sauti.

"Mfiwa ndiye apige simu kuomba apewe pole? Na siwezi kumfuata, niko eda. Kama ametuacha, ametuacha."

Ningeweza kumaliza mambo pale pale, lakini karatasi niliyoitia saini ilikuwa inasema mbele ya macho yangu, hata wa nyumbani. Nilikula pilau yao, nikaaga. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau kwenye lifti ile.

Jumatatu nilijaribu njia halali. Nilimwomba Hussein ayarudishe maneno ya Jumanne.

"Una numéro ya hayo maneno kwenye foleni?"

"Tunaruhusiwa kalamu?"

"Bila numéro siwezi kuipata, maman. Et puis, wanaweza kuuliza: wewe umejua vipi ni ya nani? Umejua mwandishi, umejua familia. Hapo ni problème kubwa kuliko faute ya tatu." Akatazama mlango. "Mimi sijasikia kitu. Unanielewa? Sijasikia."

Nilimwelewa, na simlaumu. Alikuwa na watoto wanne na mkuu wake mwenyewe, ambaye naye alikuwa na mkuu wake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mamlaka ya kurudisha sentensi tano za mzee mmoja.

Jumapili nikapanda treni kwenda Liège. Maganga nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya mto, amekonda. Hakungoja hata niketi.

"Wamenishtaki," akasema. "Nimeandika utani wangu kwenye msiba wa Shomari, haukukaa hata saa mbili, ukaondolewa, na mimi nimefungiwa mdomo mwezi mzima. Watoto wake hao. Wamezaliwa hapa, hawajui utani, nawasamehe. Lakini Zaituni? Zaituni anajua. Ameona wakiniondoa, akanyamaza."

"Pengine hakuona. Mpigie, kaka."

"Sipigi. Mtani amefukuzwa msibani, halafu abishe hodi tena? Shomari angekuwepo angenicheka."

Nilimmenyea machungwa mawili na kumrekebishia mto, nikarudi Brussels nimejikaza kisabuni. Kati ya watu hao wawili hapakuwa na mkosaji. Mkosaji alikuwa ndani ya treni, na kila mmoja alikuwa amemwambia kisa chake na kumshukuru kwa kumtembelea.

Hapo niseme jambo kuhusu kazi yenyewe, kisha nimalize. Sisi tunadhani hatari ni kufuta jambo kubwa, hotuba ya mwanasiasa, habari ya gazeti. Hao wana mawakili na wana kelele, siku ya pili wamerudishwa na radhi juu. Lakini mzee aliye kitandani Liège alikuwa na ukurasa mmoja tu wa kusimama msibani, na mwenye ukurasa huo ni kampuni isiyojua kwamba yuko msibani. Ile kampuni haikuwa na ubaya naye. Haikuwa na chochote naye. Aliyemjua ni mimi, na mimi ndiye niliyebonyeza.

Arobaini ikafika. Hitma ilisomwa mchana, watu wakala, wakaondoka, nikabaki kuosha vyombo. Nilipotoka jikoni nikamkuta Zaituni amepanda kwenye kigoda anatoa picha ukutani: Shomari na Maganga wakiwa vijana, kofia za udereva, wameegemea gari jeusi la ubalozi. Akaipangusa kwa upande wa kanga, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akanipa.

"Siku zake za kufungiwa, sijui za nini, binti yangu anasema watu hufungiwa, hata hizo zingekuwa zimekwisha. Arobaini hii hata neno. Nasikia huwa unakwenda Liège. Mpelekee rafiki yako picha yake."

Mfuko ulikuwa mwepesi. Nikauweka mezani.

"Aliandika, dada," nikasema. "Siku ile ile ya kwanza, asubuhi. Utani mzima, wa kutosha. Ukafutwa. Anadhani mmemfukuza nyie."

"Nani ameufuta? Mwanangu?"

"Mimi."

Akakaa kwenye kigoda alichokuwa amepanda. Nikamweleza kazi yangu, ghorofa ya nne, foleni, vitufe vitatu. Ile karatasi ya siri niliivunja hapo, na ninaivunja tena hapa. Hussein, ukiona kurasa hizi hazifai kusomwa ofisini, zizuie, ila uwaambie ni wewe umezizuia na kwa sababu gani.

Zaituni alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua ni utani?"

"Nilijua."

"Wewe, Mnyamwezi."

"Nilicheka kabisa, dada. Ningepata kosa la tatu, ningefukuzwa kazi."

"Ukacheka, halafu ukafuta."

"Ndiyo."

Hakunifokea. Heri angefoka. Aliuvuta mfuko ule karibu, akaniuliza swali ambalo katika kazi hii yote sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Alisema nini?"

Nikasimama, maana nilihisi nikikaa nitashindwa. Hayakuandikwa popote tena, lakini nilikuwa nayo yote, nilikuwa nikiyasema moyoni kwa siku arobaini. "Afadhali umekufa, Mzaramo wewe," nikaanza. "Tumechoka kukubeba. Ulikuwa mvivu hata wa kupumua, sasa umepata kisingizio."

Zaituni akaweka mkono mdomoni.

"Msichimbe kaburi refu, huyo hata akiwa hai alikuwa haamki. Na mjane asipewe mtu. Nakuja kumchukua mwenyewe, nikishapata mguu."

"Mguu gani!" Zaituni akapiga kelele. "Mguu gani, mzee yule!" Akacheka hadi kanga ikamshuka begani, akashika kabati asianguke, na binti yake akatokea chumbani kuona kuna nini. Nikangoja atulie, kwa sababu palikuwa na mstari mmoja zaidi, ule ambao asubuhi ile niliusoma juu juu, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe.

"Na umeondoka bila kuniaga," nikasema. "Shenzi kabisa."

Akaacha kucheka. "Rudia huo."

Nikaurudia.

Akamnyooshea binti yake mkono apewe simu. Akaweka sauti ya juu, masikio yake si mazuri. Liège iliita mara nne, kisha sauti ya Maganga ikasema haloo kwa woga.

"Wewe Mnyamwezi, mbeba mizigo wewe," Zaituni akamwambia. "Umesema unakuja kunichukua, mbona sikuoni? Umeoza mguu, au umeoza na akili?"

Halafu tukamsikia mzee yule akianza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti kubwa, bila kujizuia, hadi wauguzi nao tukawasikia wakimuuliza kwa Kifaransa kama anaumwa.

"Lia," Zaituni akasema, naye machozi yakimtiririka hadi shingoni. "Lia vizuri basi. Hata kulia hamjui, Wanyamwezi."